Kempa Mlimani Wakati wa Masika: Uchambuzi wa Safari Moja kutoka Dar es Salaam hadi Nyumba ya Divai Usambara

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Kisa hiki kinahusu safari ya gari la kulala, ambalo sisi tulio katika biashara hii hapa Dar es Salaam huliita kempa, iliyofanyika mwezi Aprili, katikati ya masika. Wageni wanne walitaka kufika ndani ya siku moja kwenye nyumba ya watawa inayotengeneza divai katika milima ya Usambara Magharibi. Walifika, lakini si siku ile wala si kwa gari lile. Hakuna aliyeumia vibaya. Hata hivyo, kwa dakika 55 gari la tani tano lilikaa limeegemea ukuta wa mlima, mlango wake wa abiria umezibwa na udongo, na mwanzoni ndani yake alikuwamo mama wa miaka 71 ambaye magoti yake hayamruhusu kuruka wala kupanda. Dakika hizo ndizo zilizonifanya nione kwamba kuliandika jambo hili ni wajibu.

Nilikuwa msimamizi wa safari hiyo. Nilikaa ofisini Dar es Salaam, na kati ya maamuzi manne yaliyoipa siku ile sura yake, mawili niliyafanya mimi kwa simu. Majina ya watu, ya kampuni na ya nyumba ya watawa yameondolewa, na baadhi ya maelezo yanayoweza kuwatambulisha wahusika yamebadilishwa. Majina ya miji na barabara yamebaki, kwa kuwa msomaji asiyejua kona za kutoka Mombo kwenda Soni hawezi kuelewa uzito wa yaliyotokea.

Usuli

Kempa yenyewe ilikuwa Toyota Coaster ndefu, yenye urefu wa karibu mita 7, iliyoondolewa viti na kuwekewa vitanda, jiko la gesi lenye mtungi wa kilo 15, choo kidogo, na tangi la maji la lita 200 lililofungwa upande wa kushoto, nyuma ya ekseli. Fundi aliyeibadilisha alifanya kazi safi ya useremala. Hakuna aliyeipima gari hiyo kwenye mizani baada ya kazi hiyo, wala aliyejiuliza kwa nini mizigo yote mizito, yaani tangi, jokofu na betri za ziada, ilikuwa imepangwa upande mmoja. Mlango wa abiria ulikuwa mmoja tu, upande wa kushoto kama ilivyo kwenye Coaster zote za hapa kwetu. Upande wa kulia ulikuwapo mlango wa dereva, lakini kati ya kiti cha dereva na sehemu ya kulala fundi alikuwa amejenga kabati lililoacha upenyo wa kupita mtu mmoja kwa ubavu.

Wageni walikuwa mume na mke wanaoishi Dar es Salaam, binti yao, na mama mzazi wa mke, ambaye katika andiko hili nitamwita Bibi kama walivyomwita wote garini. Wazo la kempa lilitokana na Bibi. Hawezi kukaa kwenye kiti kwa saa nyingi, anahitaji kujinyoosha na anahitaji choo karibu. Basi la kawaida lilikuwa haliwezekani kwake. Naeleza haya mapema kwa sababu msomaji anaweza kushangaa kwa nini hatukutumia tu gari dogo. Kempa haikuwa anasa, ndiyo iliyomwezesha mama huyo kusafiri.

Kuhusu divai, Watanzania wengi wakisikia zabibu huwaza Dodoma, na wana haki, kwa maana ndiko yaliko mashamba makubwa ya mizabibu, na kule mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza. Usambara ni jambo jingine. Huko nyumba za kitawa zimekuwa zikitengeneza divai kwa kiasi kidogo, pamoja na jamu, jibini na mazao mengine ya bustani. Wageni wetu walikuwa wakitimiza miaka 30 ya ndoa, na divai ya watawa ilikuwa na maana kwao ambayo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Njia tuliyoichagua inatoka Dar es Salaam kupitia Tegeta na Bunju hadi Bagamoyo, kisha Msata, ambako inaungana na barabara kuu itokayo Chalinze. Kutoka hapo inavuka Mto Wami, inapita Mkata na Kabuku hadi Segera, inakata kushoto kwenda Korogwe, na kufika Mombo baada ya zaidi ya kilomita 300. Hadi hapo ni lami pana na nchi tambarare. Mombo ipo mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Lushoto, iliyo mwisho wa barabara ya kupanda yenye kilomita 33 hivi, ipo mita 1,400 hivi. Sehemu kubwa ya mwinuko huo iko kati ya Mombo na Soni, ambako barabara imechongwa ubavuni mwa mlima kufuata korongo la mto, nyembamba, yenye kona zinazomlazimu dereva kupiga honi kabla ya kuzikata. Kutoka Soni hadi kwa watawa ni barabara ya udongo.

Mpango ulikuwa kuondoka saa 11:00 alfajiri, kufika Mombo saa 6:00 mchana, kupanda kwa saa moja na nusu, na kuingia kwa watawa kabla ya saa 8:00. Watawa hupokea wageni hadi saa 10:00 jioni, kisha wanajiandaa kwa masifu ya jioni. Mpango huo haukuwa mbaya. Ulikuwa na saa mbili za akiba. Kosa lake ni kwamba haukusema popote nini kifanyike akiba hiyo ikiisha.

Mfululizo wa matukio

Usiku wa kuamkia safari mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Kempa ilikuwa karakana Tabata, na maji yalijaa kwenye barabara za mtaa kiasi kwamba dereva hakuweza kuitoa hadi yapungue. Alipofika kwa wageni Mbezi Beach, tangi la maji lilikuwa bado tupu, kwa kuwa tuliahirisha kulijaza usiku, na mtungi wa gesi haujafungwa. Alipokuwa akisubiri tangi lijae aliniomba kwa simu nusu saa ya kurudi kwa fundi ili mafuta ya breki yaangaliwe, kwa sababu tulikuwa tunakwenda mlimani. Nilimjibu kwamba gari lilifanyiwa huduma miezi mitatu nyuma na kwamba muda umeshakwenda. Waliondoka saa 2:10 asubuhi, saa tatu na dakika kumi baada ya muda uliopangwa. Akiba yote ilikuwa imekwisha kabla ya Bunju.

Safari ya nchi tambarare haikuwa na tatizo. Dereva ni mtu wa umri wa miaka zaidi ya 50, aliyeendesha malori ya mizigo kabla ya kuja kwetu, na hakujaribu kufidia muda kwa mwendo kasi. Walisimama Mkata kwa chakula na mara mbili zaidi kwa ajili ya Bibi. Mvua iliwapokea Korogwe, nyepesi, kisha ikakatika. Waliingia Mombo saa 9:05 alasiri.

Hapo dereva alisimama kwenye kituo cha mafuta na kunipigia simu. Nayakumbuka maneno yake vizuri: "Dada, mlima umefunga. Kutoka hapa nilipo sioni kilele hata kimoja, na magari yanayoshuka yana tope hadi kwenye vioo." Aliongeza kwamba malori mawili ya mboga yaliyotoka Lushoto yamemweleza kuwa mawe yameanza kudondoka barabarani. Alipendekeza kempa ilale Mombo, na wageni wapande asubuhi kwa gari dogo.

Ofisini kwangu jua lilikuwa limetoka. Nilikuwa nimeshazungumza na mtawa anayehusika na wageni, naye kwa ukarimu alikuwa amekubali kuwangoja hadi saa 11:30 jioni. Mume alikuwa amenitumia ujumbe kuuliza kama bado watafika. Nilimwambia dereva apande taratibu, kwamba ni kilomita chache tu, na kwamba akiona hali mbaya asimame. Waliondoka Mombo saa 9:25.

Baada ya dakika 20 hivi za kupanda walikuta msururu wa magari umesimama. Udongo mwekundu na mawe vilikuwa vimemwagika kutoka kwenye ukuta wa mlima na kufunga nusu ya njia. Madereva na vijana wa kijiji cha jirani walikuwa wakitoa mawe kwa mikono na majembe. Dereva wetu alizingatia jambo ambalo mgeni asingeliona: maji yaliyokuwa yakitoka kwenye ukuta wa mlima, juu ya pale palipoporomoka, yalikuwa mekundu mazito. Kwa mujibu wa uzoefu wake, maji yakitoka hivyo udongo wa ndani bado unasogea. Alitaka kugeuza. Hapakuwa na mahali pa kugeuzia gari la mita 7, na nyuma yake yalikuwa yamepanga magari sita. Njia ilipofunguliwa saa 10:30 alipita kwa kuwa kupita kulikuwa salama kuliko kubaki chini ya ukuta ule. Uamuzi wake huo naukubali hadi leo.

Kilomita mbili mbele alikutana na lori la kabeji na karoti linaloshuka. Alasiri ndiyo saa ya malori hayo, yanayoshuka mlimani ili yasafiri usiku na kuingia kwenye masoko ya Dar es Salaam kabla ya kupambazuka; jambo hili tulilijua sote na hakuna aliyeliweka kwenye mpango. Lori lilikuwa upande wa korongo, kempa upande wa ukuta wa mlima. Dereva alisogea kushoto kulipisha. Ukingo wa lami ulikuwa umelika kwa maji, tairi la nyuma la kushoto likateleza likaingia mtaroni, na gari likainama hadi ubavu wake wote wa kushoto ukalala kwenye udongo. Ilikuwa saa 10:55 jioni.

Mambo matatu yalidhihirika kwa pamoja. Mlango wa abiria haukufunguka. Bibi alikuwa amelala kitandani upande wa kushoto, na makabati yaliyofunguka yalikuwa yamemwagia vyombo miguuni. Tangi la lita 200, lililojazwa pomoni asubuhi na kupungua kidogo tu, lilikuwa sehemu ileile iliyoinama, na kila gari lilipotikisika maji yalisukumana ndani yake na kulivuta gari zaidi mtaroni.

Msaidizi wa dereva, kijana wa miaka 24 ambaye hiyo ilikuwa safari yake ya tatu nasi, ndiye aliyeona la kwanza la kufanya. Alifunga valvu ya mtungi wa gesi, akatambaa chini ya gari kwa upande wa juu na kufungua koki ya tangi. Maji yote yalimwagika barabarani. Wakati huohuo mume na binti walimpitisha Bibi kwenye upenyo wa kabati kwa ubavu, wakamfikisha kwenye kiti cha dereva, na dereva pamoja na mwenye lori wakampokea nje mikononi, mvua ikinyesha. Shughuli ya kumtoa peke yake ilichukua dakika 12. Binti alimfunika kwa turubai na kumkalisha ndani ya lori la mboga, ambalo dereva wake alikataa katakata kuondoka hadi mama atakapokuwa mahali pakavu.

Lori lilifunga mnyororo mbele ya kempa ili kuivuta kwa kurudi nyuma taratibu, vijana wakiweka mawe mtaroni kila tairi lilipoinuka inchi chache ili lisirudi. Kempa ilitoka saa 11:50. Ubavu ulikuwa umekwaruzwa na dirisha moja limevunjika. Mitambo ilikuwa mizima. Waliingia Soni saa 12:25 jioni, giza likianza.

Hapo dereva alinipigia tena. Nilikuwa nimekwishajua yaliyotokea, na naona uchungu kukiri kwamba hata baada ya kujua nilimuuliza kama hawawezi kumalizia, kwa kuwa mtawa alikuwa bado anangoja na zimebaki kilomita chache za barabara ya udongo. Jibu lake lilikuwa fupi: "Dada, leo gari hili halisogei tena. Nitalilinda hapa." Aliegesha kwenye uwanja tambarare wa nyumba ya wageni, mbali na ukingo wa mlima, akamwombea Bibi chumba chenye maji ya moto, na kunitaka nimpigie mtawa kumwomba radhi.

Asubuhi iliyofuata walikodi Noah yenye kuvuta matairi yote manne kwa shilingi 120,000 kwenda na kurudi. Barabara ya udongo ilikuwa imekatwa na tope mahali pamoja kiasi kwamba hata Noah ilisukumwa. Kwa watawa walikaa saa moja na nusu. Mtawa aliwaonyesha matangi ambamo hamira hugeuza sukari ya tunda kuwa kileo na hewa ya kaboni dioksidi, akawaeleza jinsi baridi ya milimani inavyosaidia kazi hiyo iende polepole ili harufu ya tunda isipotee, na akawaonjesha. Dereva wetu hakuonja, ingawa hakuwa anaendesha Noah. Alisema ana mlima wa kushuka mchana.

Kushuka kulikuwa na tukio lake. Dereva alitumia gia ya pili tangu Soni na breki ya injini, yaani aliiacha injini yenyewe ipunguze mwendo, lakini karibu na nusu ya njia alisikia harufu ya kuungua na kanyagio la breki likaanza kuwa laini. Alisimama mahali pa wazi, akaweka mawe kwenye matairi, akawakataza vijana waliotaka kusaidia kwa kumwagia magurudumu maji, na kungoja dakika 40 hadi yapoe yenyewe. Walifika Dar es Salaam saa 4 usiku.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kunyima nusu saa ya kuangalia breki, ulikuwa wangu, na sababu yake ilikuwa saa ya ukutani. Nilichukulia huduma ya miezi mitatu nyuma kuwa jibu la swali lililoulizwa siku hiyo. Haikuwa jibu, kwani katika huduma ile mafuta ya injini yalibadilishwa na ya breki hayakuguswa.

Uamuzi wa pili, wa kupanda kutoka Mombo, nao ulikuwa wangu, na huu ndio moyo wa kisa. Nilikuwa na taarifa tatu mkononi: mtawa anangoja, mteja anauliza, muda umebaki. Dereva alikuwa na taarifa tatu pia: vilele havionekani, magari yana tope, mawe yanadondoka. Zangu zote zilihusu ahadi na zake zote zilihusu barabara, lakini mfumo wetu ulinipa mimi neno la mwisho kwa kuwa ndimi msimamizi. Yule aliyekuwa mbali zaidi na mvua ndiye aliyeamua juu ya mvua. Kauli yangu kwamba "akiona hali mbaya asimame" ilionekana kama ruhusa, na haikuwa ruhusa yoyote, kwa sababu kwenye barabara ile gari la mita 7 likishapita kona za kwanza halina pa kusimama wala pa kugeuzia. Nilimpa haki ya kuamua baada ya mahali pa kuamulia kupita.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa msaidizi, wa kumwaga maji. Hakuna aliyemfundisha. Alipoulizwa alisema aliona gari linavutwa na kitu cha ndani, akakumbuka ndoo ya maji inavyomyumbisha mtu anayeibeba kichwani.

Wa nne ulikuwa wa dereva kukataa kwenda mbele kutoka Soni, kinyume na nilivyotaka. Sababu aliyonipa baadaye ilikuwa ya kawaida kabisa: gari lililotoka mtaroni halijakaguliwa chini, giza limeingia, udongo umelowa, na yeye mwenyewe mikono inatetemeka. Hiyo ya mwisho aliisema bila haya, nami namheshimu zaidi kwa kuisema.

Matokeo

Wageni walirudi salama na ziara waliifanya, fupi kuliko walivyolipia. Tuliwarudishia theluthi moja ya malipo. Matengenezo ya ubavu na dirisha yaligharimu zaidi ya faida ya safari tatu. Bibi alikuwa na michubuko miguuni na mafua ya siku kadhaa. Mtawa alitutumia ujumbe akisema mlango uko wazi wakati wa kiangazi.

Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi, kwa sababu halikutokana na mpango wetu. Tulinusurika kwa tabia za watu: dereva asiyekimbiza muda, kijana anayetazama kabla ya kupiga kelele, mwenye lori aliyeacha soko limngoje, vijana wa kijiji ambao kazi yao ya mawe iliokoa gari na ambao tuliwalipa shilingi 60,000 wakagawana watu kumi. Haya ni mambo ya kushukuru. Si mambo ya kuandika kwenye mpango kana kwamba yatakuwapo safari ijayo.

Kuhusu breki, fundi alipopima mafuta yake baada ya safari yalikuwa meusi, na kumbukumbu zilionyesha hayajabadilishwa kwa zaidi ya miaka miwili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na katika hali ya hewa kama ya Dar es Salaam unyevu si wa kutafuta. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji, kiwango cha kuchemka kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka huzaa mvuke, na kanyagio husukuma mvuke badala ya mafuta, ndiyo maana linakuwa laini. Sasa tuangalie mlima wenyewe unadai nini. Gari la tani 5 likishuka mita 100 tu za kimo, linapaswa kupoteza nishati inayotosha kuchemsha lita 14 hivi za maji ya kawaida. Zidisha hiyo kwa kila mita 100 za kimo kati ya Soni na Mombo. Sehemu kubwa ya nishati hiyo lazima imezwe na injini kwa kutumia gia ndogo, kwa kuwa breki pekee haziwezi kuibeba. Dereva alilijua hili, ndiyo maana aliteremka na gia ya pili, na hata hivyo breki zilizochoka zilifika mwisho wake. Nusu saa niliyomnyima Mbezi Beach ndiyo iliyomgharimu dakika 40 mlimani, na ingeweza kugharimu zaidi. Alivyowakataza kumwagia magurudumu maji alifanya sahihi, kwani chuma chenye moto mkali kikipozwa ghafla huweza kupasuka au kupinda.

Gari lenyewe lilikuwa na makosa ya muundo ambayo nchi tambarare iliyaficha. Tulipolipeleka mizani hatimaye lilikuwa na kilo 5,180 likiwa na maji na bila abiria, na magurudumu ya kushoto yalibeba zaidi kuliko ya kulia. Tangi lisilo na kuta za ndani za kuvunja mawimbi ni hatari zaidi likiwa nusu kuliko likiwa limejaa au tupu, kwa kuwa maji hupata nafasi ya kukimbia. Halikuhitaji hata kujazwa. Lushoto na Soni hazina shida ya maji mwezi Aprili. Tulibeba kilo 200 za maji kuzipeleka kwenye mvua.

Mlango ndio unaonisumbua zaidi. Gari la nchi inayoendesha kushoto likiteleza upande wa kushoto, mlango wake pekee wa abiria unazibwa. Hili si bahati mbaya ya siku moja, ndivyo gari lilivyo, na kabati lililojengwa nyuma ya dereva lilikuwa limebana njia ya pili. Iwapo valvu ya gesi isingefungwa, au iwapo moshi ungeanza, dakika 12 za kumtoa Bibi zingekuwa nyingi mno. Kila ninapolifikiria hili hurudi kwenye siku ile fundi aliponionyesha kabati hilo, nami nikalisifu kwa uzuri wake.

Kuna watakaosema kosa kubwa lilikuwa kuchelewa kuondoka. Sikubaliani nao kikamilifu. Kuchelewa hutokea, hasa masika, hasa katika jiji ambalo mvua ya usiku mmoja hufunga mitaa. Kuchelewa kwa saa tatu kungekuwa usumbufu tu iwapo kungekuwa na mstari ulioandikwa mapema: saa fulani ikifika gari halijaanza kupanda, linalala Mombo. Mstari huo haungehitaji ujasiri wa dereva wala hukumu yangu. Bila mstari, kila dakika iliyopotea ilibadilika kuwa shinikizo, na shinikizo lilitafuta mahali dhaifu, nalo likanipata mimi.

Kilichobadilishwa

Siku hizi karatasi ya safari ina mahali pa kuamulia, na pa mlima wa Usambara ni Mombo, kabla ya kona ya kwanza. Kuanzia Machi hadi Mei kempa haivuki Mombo kabisa. Miezi mingine haianzi kupanda baada ya saa 7:00 mchana, ili isikutane na malori ya mboga. Dereva akisema haendi, ofisi haimwombi sababu siku hiyo; sababu huandikwa akirudi. Msimamizi aliye Dar es Salaam anaweza kuamuru gari lisimame, lakini hawezi kuamuru liende.

Mafuta ya breki hubadilishwa kila mwaka bila kujali kilomita. Tangi limehamishiwa katikati ya ekseli, limewekewa kuta za ndani, na hujazwa robo tu kwenye safari za milimani. Kabati la nyuma ya dereva limeng'olewa, na dirisha kubwa la nyuma limefanywa mlango wa dharura unaofunguka kwa ndani na nje.

Jambo moja hatujalipatia ufumbuzi, nalo ni lile lililoleta kempa tangu mwanzo. Noah inayopanda kutoka Mombo haina choo wala kitanda, na kwa mtu mwenye hali kama ya Bibi saa mbili za kona ni ndefu. Tumezungumza na nyumba moja ya wageni hapo Mombo ili wageni wa namna hiyo walale chini na kupanda alfajiri wakiwa wamepumzika, na dereva anajaribu kiti cha nyuma kinacholala kwenye gari dogo tulilokodi. Mwezi Julai Bibi ameomba aende tena, na amesema atakikalia yeye mwenyewe kiti hicho kwanza, hapa hapa mjini, kutoka Mbezi Beach hadi Bagamoyo na kurudi, kabla hatujamwandikia safari.